Panya wa Chumba cha Jenereta

Ilikuwa mwaka wa mafuriko makubwa. Hapana, nasema uongo. Ni mwaka uliofuata, maana ghala la nafaka lilikuwa limeshaezekwa upya, na dada yangu, mtega panya wa ghala hilo, alikuwa ameletewa bosi mpya.

Dada hakuwa mtu wa kutulia. Hata kwenye kiti alikaa upande, kama anayeitwa. Kila asubuhi aliizungukia mitego, akiigonga kwa ncha ya kandambili kabla ya kuinama. Mingi ilikuwa mitupu. Akipeleka hesabu ofisini ni sifuri, sifuri, panya wawili, sifuri.

"Mama, sifuri zote hizi?" bosi akamwuliza. "Unatega kweli, au unalala kwenye magunia?"

Usingizi ukamruka. Kazi ile ndiyo iliyomlisha na kumsomesha binti yake mambo ya takwimu. Binti akatuambia, "Sifuri hizi ni za aina mbili. Kuna kona panya hafiki kabisa, na kuna kona anapita ila leo hakupita. Zikichanganywa, mama anaonekana mvivu. Nipeni muda nizitenganishe."

"Fanya upesi, mwanangu, kabla sijatenganishwa mimi na ghala."

Lakini hofu haina subira. Kesho yake akamtoa panya mfu kwenye mtego wa nyuma ya magunia, akambeba kwa mkia, akamlaza kwenye ule wa chumba cha jenereta, ambako kwa zile kelele hata mende hakai. Akamhesabu kote kuwili. Panya mmoja, vifo viwili!

Hesabu za binti zikamwokoa. Bosi akaelewa, akaamuru mitego iondolewe kwenye kona zote ambazo panya hafiki. Wa jenereta ukabaki; hesabu zilisema huko panya hupita.

"Mwambie mwanao ukweli," nikamnong'oneza.

"Kaka, nyamaza. Ndiyo kwanza nimeaminiwa."

Basi mpaka anastaafu, kila kukicha alianzia kwenye mtego ule, akiomba aje panya wa kweli amsitiri. Hakuja. Hata leo, jenereta la jirani likiwaka, dada huinuka kitini.

Juzi nilimwuliza binti, mama yake akikodolea macho mlango, na binti akaenda kulitazama birika ambalo hata halijachemka: hivi, mpwa wangu, kona ambayo panya alifika mara moja tu, tena akiwa mfu, sifuri zake ni za aina gani?