Hewa ya Uwani

Nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Ngazi za nyumba ya shangazi zina giza hata adhuhuri. Unazipanda kwa kupapasa ukuta, na mguu wenyewe unakumbuka wapi jiwe limelika. Nilikuwa katikati ya giza hilo ulipoanza, ti, ti, ti, mdogo na mkavu, kama mtu anayejigonga jino kwa ukucha. Nikasimama. Nilidhani unatoka juu, chumbani kwa dada yangu. Nilipopanda tena, mlio ukapanda nami. Ulikuwa ndani ya mkoba wangu.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kutunza vipima hewa. Ni vidude vyeupe vya kubandika ukutani, vinavyoenea kiganjani, na kazi yao ni kupima hewa ukaa, ile tunayoitoa puani, ile inayotoka pia kwenye makaa yanayowaka. Ikiwa kidogo, taa huwaka kijani. Nambari ikizidi elfu moja, huwaka nyekundu na kidude hulia. Hoteli kadhaa za Mji Mkongwe zilikuwa zimeanza kuviweka vyumbani, na mimi nilikuwa nikizunguka kuvihudumia. Kuta zetu humwaga chokaa kama unga usiokwisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kupangusa. Nilitoa mayai ya mijusi mle ndani. Nilitoa sisimizi waliohamia na watoto wao. Katika hoteli moja karibu na bahari niliwahi kukuta chumvi imeota juu ya waya kama ukungu juu ya mkate.

Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa kuvisawazisha. Kipima hewa hakijui lolote mpaka kifundishwe. Unakitoa nje, unakiweka peke yake, unakaa mbali usije ukakipumulia, unangoja nambari itulie, kisha unabonyeza. Hapo unakuwa umekiambia: hii ndiyo safi. Kuanzia saa hiyo kila hewa kitakayokutana nayo kitailinganisha na hiyo uliyokionyesha, na hakitakuuliza kama ulikuwa na hakika. Mimi nilikuwa nikivipeleka Forodhani alfajiri, wauza mishikaki hawajafika na makaa yao, nikivipanga juu ya ukuta wa bahari pale upepo unapoingia bila kupita puani kwa mtu. Kile cha mkobani, ambacho nilikitumia kuhakikishia vingine, nilikuwa nimekisawazisha asubuhi ile ile. Ndiyo maana kilipolia gizani nilikiamini kabla ya kukitazama.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Nilipousukuma, joto likanipokea usoni kama mtu.

Dada yangu alikuwa ndani ya arobaini yake. Alijifungua akaletwa hapa, kwa shangazi yetu, dada wa baba, aliyetulea sote wawili katika nyumba hii. Hivyo ndivyo tufanyavyo: mzazi, yaani aliyejifungua, hukaa ndani siku arobaini, hukandwa kwa maji ya moto, hufukizwa, haguswi na baridi. Dirisha lilikuwa limefungwa mbao zake zote, na penye nyufa palichomekwa vipande vya kanga. Chini ya kitanda palikuwa na seredani yenye makaa mekundu, na kwenye pembe chetezo kikitoa moshi wa udi, mwembamba, ulionyooka kabisa. Niliutazama moshi ule. Haukuyumba hata kidogo. Hakukuwa na kitu cha kuuyumbisha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Zima hicho kidude, mtoto kalala."

"Kalala tangu saa ngapi?"

"Huyu kazi yake kulala. Mtulivu, Mungu amtunze. Mtoto gani huyu halii? Kidude chako kinamshinda." Akacheka, nami nikacheka kwa adabu.

Kila aliyekuja kumwona mtoto alimsifu kwa jambo hilo hilo. Halii. Hasumbui. Mama yake anapata kupumzika. Mama yake alikuwa amelala chali, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu, macho yameelekea dari.

"Kichwa?" nikamwuliza.

"Kichwa tu. Nikishushwa chooni kinapungua. Nikirudi humu kinarudi."

"Maziwa hayo yanapanda," shangazi akasema.

Juu ya kitanda, ukutani, palikuwa na kipima hewa kingine, na taa yake ilikuwa ya kijani.

Hicho alikileta shemeji, mume wa dada, fundi wa viyoyozi wa mahotelini. Yeye ndiye wa kwanza kuuogopa moto ule wa chini ya kitanda, na walibishana na shangazi mpaka wakafikia mapatano: mashine iamue. Ikiwaka nyekundu, dirisha litafunguliwa. Ikibaki kijani, shangazi ataachiwa mzazi wake. Haikuwaka nyekundu hata mara moja. Shangazi, ambaye hakuwahi kupenda kitu cha betri, akakipenda kile. Kila asubuhi alikipangusa kwa ncha ya kanga, akawaonyesha wageni. "Kijani," aliwaambia. "Fundi mwenyewe kasema."

Nikakitoa changu mkobani nikakiweka karibu na cha shemeji, vikagusana. Changu kilisoma elfu moja na mia sita, chekundu, kikilia. Chake kilisoma mia tisa. Chumba kimoja, pumzi moja. Nilivibadilisha nafasi, nikangoja. Kila kimoja kikarudia neno lake.

Shangazi alinitazama muda wote huo akipepea chetezo. "Kimoja kibovu," akasema, na nilijua anamaanisha kipi.

Shemeji aliingia baada ya alasiri na mfuko wa machungwa kutoka soko la Darajani. Nilimshika mkono nikamtoa ngazini, vipima hewa vyote viwili vikiwa mkobani mwangu. Nilimwomba shangazi auache mlango wa chumba wazi mpaka tutakaporudi kumwonyesha jambo. Aliinamisha kichwa, na mimi nikakichukua kichwa kile kuwa ni ndiyo.

"Kile cha ukutani," nikamwambia shemeji, "ulikiseti wapi?"

"Uwani."

"Uwani hapa?"

"Hapa chini. Mbingu naiona, hewa inaingia. Kwani vipi?"

"Siku gani?"

Akafikiri. "Siku ya akika, mtoto alipochinjiwa. Mlipokuwa mnapika."

Tulishuka tukaufikia huo uwani, tukasimama katikati yake. Nyumba zetu hazina hewa nyingine. Zimeupa mgongo uchochoro na kufunguka ndani, kwenye mraba huu mdogo wenye mbingu yake, na tangu utoto tunaambiwa tukipata joto tushuke huku tukapunge upepo. Mtu wa shamba angekipeleka kondeni. Mgeni angekipeleka barabarani. Sisi tuliokulia katika nyumba hizi, yeye na mimi na watu wote ninaowapenda, hatuwezi hata kufikiri kwamba uwani si nje.

Nikamwonyesha juu. Msimu ule wa masika shangazi alikuwa ametandika nailoni juu ya uwani mzima ili mvua isimharibie kuni. Nailoni nyeupe, mawingu yanapita unayaona. Chini yake, siku ya akika, palikuwa na masufuria matatu ya pilau na wanawake wa mtaa mzima.

"Moshi haukuwapo," akasema taratibu. "Makaa yalishakuwa mekundu. Nilingoja moshi uishe, wallahi."

"Najua."

"Kwa hiyo kinadhani—"

"Twende baharini."

Forodhani wauzaji walikuwa wanaanza kupanga meza, kwa hiyo tulikwenda mpaka pembe ya mwisho ya ukuta, upepo ukitupiga kifuani. Nikaviweka vyote viwili juu ya jiwe, tukasogea mbali, tukatazama mawimbi kwa sababu hatukutaka kutazamana. Wavulana walikuwa wanajirusha majini kwa kujionyesha, mmoja baada ya mwingine. Niliporudi, changu kilisoma mia nne na ushei, kama kila siku. Chake kilisoma sifuri.

Nilimwacha akisome mwenyewe. Hakuna mahali chini ya mbingu penye sifuri. Kilikuwa kimefundishwa kwamba hewa ya pilau ndiyo hewa safi, na sasa kilipokutana na bahari hakikuwa na nambari ya kuipa.

"Ile elfu moja na mia sita ndiyo ya kweli?" akauliza.

"Ndiyo. Na hiyo ni ukaa tu. Makaa yana hewa nyingine, haina harufu wala moshi, ndiyo inayolaza watu wasiamke. Hiyo changu hakiioni, wala chako. Ninachojua ni kwamba hii inapojaa chumbani isitoke, na ile haitoki."

Alikitia chake mfukoni akaanza kwenda, kisha akaanza kwenda haraka, mpaka nikawa namfuata mbio katika vichochoro nikiwaomba watu radhi kwa mabega yao.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa.

Shangazi alikuwa ameketi mbele ya kitanda, kanga yake ya kisutu imefunika magoti. Alikuwa ameongeza makaa. Shemeji alibaki kizingitini kwa heshima ya mzazi, akazungumza kutoka pale. Alisema amekosea. Alisema kile cha kijani kilikuwa kinadanganya, na akaomba dirisha lifunguliwe.

"Baba," shangazi akamwambia, bila hasira, "ulinambia kijani ndiyo salama. Nikakuamini, nami mtu mzima. Leo unanambia kijani ndiyo sumu. Kesho utanambia nini?"

"Nilikifundisha vibaya, shangazi."

"Basi ukajifunze. Mzazi wangu hatafunguliwa dirisha kwa sababu ya kitu kinachobadili maneno."

Wote mle ndani tulijua kilichokuwa nyuma ya maneno hayo. Kabla yetu, kabla hata ya baba kuoa, shangazi alizaa mtoto wa kiume katika chumba hiki hiki. Ilikuwa msimu wa joto, na usiku mmoja alifungua dirisha apate kupumua. Mtoto akapata homa, hakufika arobaini. Yeye hakuwahi kutusimulia. Tulikua tukiambiwa na wengine, kwa kunong'ona, kila tulipouliza kwa nini dirisha la chumba kile halifunguliwi.

Kidude changu kilikuwa kinalia mkononi mwangu. Dada akageuza kichwa akakitazama, kisha akamtazama mtoto. Akamgusa shavu. Akamgusa tena, akamfinya kidogo sikio, kama anavyofinywa mtoto aamke anyonye. Mtoto alifungua kinywa akakifumba, wala hakutoa sauti.

Dada akaketi. Akashusha miguu, akashika ukuta.

"Unakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Nnakwenda Mpendae. Kwangu."

"Na arobaini yako?"

"Ntaimalizia huko."

"Hujatimiza hata nusu."

"Nnajua, shangazi."

Nilitarajia maneno makali. Badala yake shangazi alinyanyuka, akachukua wanja katika kidaka, kile kishubaka cha ukutani, akampaka mtoto alama kwenye paji la uso, akamvingirisha kanga moja juu ya nyingine mpaka ikabaki pua tu. Mikono yake ilikuwa na haraka. "Basi tokeni sasa hivi," akasema. "Mtoto hatembezwi magharibi. Mkichelewa mtanikuta mlangoni, simpitishi."

Shemeji akamshika dada, mimi nikampokea mtoto. Hakuwa na ule uzito wa mtoto aliyelala; alikuwa mwepesi, amelegea.

"Tukushushie seredani kwanza, shangazi," nikasema.

"Iache."

"Ya nini sasa? Mzazi anaondoka."

"Atarudi. Chumba cha mzazi hakipoi kabla ya siku zake. Ntalala humu mimi, nikiweke na joto lake."

"Basi fungua dirisha ukilala."

Alinitazama kama ninavyofikiri aliwatazama wote waliowahi kumwambia neno lolote juu ya dirisha lile. "Nshalifungua mara moja," akasema.

Nilichoweza kufanya ni kukiacha kipima hewa changu kidakani, karibu na kichwa cha kitanda, chekundu, kikilia. Nikamwambia asilale mpaka kinyamaze. Kikiendelea, afungue hata mlango tu, hata wa ngazini.

"Sawa. Ntakibembeleza," akasema, akatabasamu.

Tulishuka gizani mmoja nyuma ya mwingine. Dada alitangulia na mumewe, nikafuata na mtoto, na shangazi nyuma yetu ili aje apige komeo. Mlio ulitusindikiza ngazi zote, ukapita nasi uwani chini ya ile nailoni, ukafika mpaka ukumbini. Mlango mkubwa ukafunguliwa. Uchochoro ulikuwa umeingiwa na upepo wa bahari, wa baridi kidogo, wenye harufu ya samaki na sabuni.

Mtoto akashtuka mikononi mwangu. Akavuta pumzi ndefu kuliko kifua chake, akakaza uso, kisha akalia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, mpaka jirani akachungulia dirishani, na dada akaegemea ukuta akaanza kulia naye.

Niligeuka ili shangazi naye amsikie. Alikuwa amesimama kizingitini, kanga mdomoni, anasikiliza. Nyuma yake, juu kabisa ya nyumba, kidude changu kilikuwa bado kinagonga, ti, ti, ti.

"Nendeni," akasema. "Upepo huo utampiga mtoto."

Akaufunga mlango, na komeo likaanguka mahali pake.