Gia Nne za Kurudi Nyuma

Niliacha shule darasa la sita kwa sababu ya saa ya mwalimu. Aliisahau mezani, nikaifungua nione kinachoitembeza, na nilipoifunga vikabaki vidude vitatu nje. Sikungoja adhabu. Tangu siku hiyo maisha yangu yakawa hivyo: nafungua kitu, nashindwa kukifunga, nahama. Nimechunga ng'ombe kwenye ranchi upande wa Kongwa, nimepakia magunia kwenye mabehewa, nimevua samaki Mtera. Katika vyote nilivyofungua, ni kimoja tu nilichorudi kukifunga: gari la mama mmoja mkunga, pale Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Lilikuwa gari la spoti, la viti viwili, fupi, limelala chini kama paka anayevizia, na paa lake turubai. Mzungu mmoja aliyekuwa akiondoka Kongwa alimwachia mama huyo miaka mingi nyuma, baada ya mkewe kujifungua salama mikononi mwake. Hakuna gari lisilofaa barabara za Ugogo kama lile. Mama alilipeleka kila mahali. Alikwenda nalo vijijini kuzalisha, mkoba wa kazi ukiwa kiti cha pili, na kulikuwa na vijana wenye ndevu Dodoma nzima walioambiwa na mama zao, "Wewe ulitangulia kusikia gari kabla ya kusikia jogoo."

Nilipoanza kazi kwenye gereji lilikotengenezwa gari hilo, mama alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikaa nyumba ya kazini Miyuji, na siku ya kustaafu alitakiwa kuirudisha na kwenda kwao Kongwa. Alikuwa ameshatangaza kwa kila mtu kwamba ataondoka Dodoma akiendesha gari lake mwenyewe. Kaka yake alimwambia angeweza kuleta lori, walipakie. Mama alikataa.

"Kongwa ina vyuma vibovu vya kutosha," alisema. "Wazungu wa mradi wa karanga walituachia matrekta yakaota kutu tangu mimi mtoto. Sitaki kuongeza changu. Likifika kwa lori, kuku watataga ndani yake, nami nitakuwa wa kuwafukuza mpaka nife."

Fundi mwenye gereji alikuwa mzee wa mjini, Mwislamu, ambaye wazee wake walifika Dodoma na misafara kutoka Unyamwezi wakaishia hapo. Mama alikuwa Mgogo, na zamani Wagogo waliitoza misafara hiyo hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukuwa na likizo.

"Mpagazi, hujambo?" mama alikuwa akianza, kabla hajashuka.

"Sijambo, mtoza hongo. Umekuja kutuuzia maji tena?"

"Babu yako alifika hapa na pembe ya ndovu begani, akachoka, akaketi. Ndiyo ukazaliwa wewe. Ungekuwa na babu mwenye nguvu, leo ungekuwa Bagamoyo."

"Na babu yako alimkuta anahema kwa kiu, akamwambia, toa kitambaa kwanza ndiyo uonyeshwe kisima!"

Mimi niliyekuwa chini ya gari nilicheka mpaka oili ikaniingia mdomoni.

Siku moja gari liligoma. Injini haikuzunguka hata kidogo, na maji ya radieta yalikuwa yametoweka. Siku hiyohiyo fundi alipata habari ya msiba Tabora. Kabla ya kupanda treni aliniambia maneno machache: "Fungua hedi, tazama, ungoje."

Nilifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Nilikuta maji kwenye silinda mbili na pistoni zimeng'ang'ania. Sasa niseme ukweli ambao sikumwambia mtu wakati ule. Sikuwa na hakika kwamba injini ile imekufa. Ila ndiyo ilikuwa miaka injini za Kijapani zilipoanza kuingia, zimetumika lakini nzima, zimerundikwa kwa mfanyabiashara mmoja karibu na soko kama machungwa. Sisi tuliokulia miaka ya uhaba, tuliozoea kukata gasketi, kile kizibo cha maungio ya injini, kutoka kipande cha ndala, tulizitazama injini zile kama watoto mbele ya duka la peremende. Nilitaka kuona injini ya pikapu ikiingia kwenye gari la spoti. Hilo tu. Nikamwambia mama injini yake imekufa. Akaniamini, kwa sababu yeye pia kazini kwake alizoea kuaminiwa.

Injini mpya haikutosha. Nikakata chuma cha chesisi kwa msumeno wa mkono ili ikae. Boneti halikufunga, nikalitoboa. Gia boksi ya zamani haikushikana nayo, nikachukua ya pikapu. Propela shafti, fimbo inayopeleka nguvu nyuma, haikulingana na ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma, nikachukua na ekseli ya pikapu. Kwenye pikapu ile ekseli ilikaa chini ya springi. Kwenye gari la mama ilikaa juu yake. Kwa hiyo vikalio vya springi vilivyochomelewa kwenye ekseli vilitazama juu, na mimi nilivitaka vitazame chini. Kuvikata na kuvichomelea upya kulihitaji umeme, na wiki ile umeme ulikuwa wa kubahatisha. Nikakaa kitako nikawaza. Kisha nikaona jibu rahisi, nikajipongeza kwa sauti. Nikaigeuza ekseli nzima juu chini.

Ilikaa vizuri kama sufuria juu ya mafiga.

Niliwasha injini, ikanguruma. Gari sikuliendesha, kwa kuwa nilitaka mwenyewe awe wa kwanza. Mama alikuja Jumamosi amevaa kitenge kipya, amefuatana na wauguzi wenzake wanne. Fundi naye alikuwa ameshuka kwenye treni asubuhi hiyo, hajaoga, kofia yake nyeupe ya kiua ikiwa imekunjamana kichwani. Hakuwa amepata hata nafasi ya kuniuliza nimefanya nini. Mama akaingia, akaweka gia namba moja, akaachia klachi.

Gari likaruka kinyumenyume, likapasua rundo la matairi, likaenda kusimama kwenye benchi la mama ntilie. Waliokuwa wakila walikuwa wameshakimbia na sahani zao. Mama akaweka namba mbili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Akajaribu gia ya rivasi, na hapo likaenda mbele, taratibu, likilia kama mbuzi aliyefungwa.

"Gia nne za kurudi na moja ya kwenda!" alisema muuguzi mmoja. "Dada, hili gari linakukumbusha ujana."

Wote walicheka isipokuwa mama. Alishuka, akamwendea fundi, akamvua kofia.

"Mtani," alisema, "kofia hii naondoka nayo. Utaipata siku gari langu litakapokwenda Kongwa kwa mbele."

Mtu mwingine yeyote angegusa kofia ile pangekuwa na ugomvi. Lakini mtani akichukua kitu chako hukasiriki, wala humfuati. Fundi alisimama jua kali kichwa wazi, upara unang'aa, akasema tu, "Haya. Hongo hiyo." Kisha mama akarudi kwenye gari, akaweka rivasi, akaenda nalo nyumbani Miyuji kwa gia hiyo moja, mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa, nyuma yake watoto wakiimba, "Kinyumenyume! Kinyumenyume!" Oili ilidondoka njia nzima.

Fundi alinigeukia. "Niliposema ungoje," aliniuliza polepole, "ulisikia nini?"

Jioni nilikuwa juu ya lori la Mtera.

Mtera nilivua samaki kwa muda wa miezi saba. Wachuuzi waliotoka mjini walileta hadithi ya gari la Dodoma lenye gia nne za kurudi nyuma, na kila aliyeisimulia aliongeza chumvi. Mmoja alisema dereva wake ni mchawi. Niliendelea kupara samaki. Lakini swali liliniuma zaidi kuliko aibu: kwa nini? Nilidhani ni gia boksi. Nililala nikiifungua na kuifunga kichwani.

Asubuhi moja mchuuzi wa samaki aligeuza baiskeli yake juu chini ili azibe pancha. Alipomaliza akazungusha pedali kwa mkono. Nilikuwa nimeshika ubao wa kuparia samaki, nikauegemeza kidogo juu ya tairi lile. Ubao ukachomoka mkononi mwangu ukaruka kuelekea nyuma ya baiskeli. Nikauokota, nikarudia. Gurudumu lilizunguka sawasawa na siku zote. Ila lililokuwa chini sasa lilikuwa juu, na lilivuta upande mwingine.

"Ekseli," nilisema. "Mimi ndiye niliyeigeuza."

"Umegeuza nini?" mchuuzi aliuliza. "Acha kuchezea tairi, samaki wanaoza."

Siku ileile nilipanda naye gari la samaki la kwenda Dodoma. Ningependa kusema nilirudi kwa sababu ya dhamira. Nilirudi kwa sababu nilikuwa nimejua, na mtu akijua kitu hawezi kukaa nacho peke yake. Dhamira ilinijia njiani, nilipokumbuka nimesahau kuhesabu: mama alikuwa amebakiza miezi miwili.

Gereji nilimkuta fundi, bado kichwa wazi. Alikuwa na kofia nyingine nyumbani, hata mkewe alimsihi, lakini alisema deni la utani halilipwi kwa kofia ya pili. Na mbele yake, akinywa chai, alikuwa mama mwenyewe, aliyekuja kama kila wiki kumsumbua.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mama alisema. "Umekuja kwa mbele au kinyumenyume?"

Nilieleza habari ya baiskeli. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Hilo nililijua siku ya pili. Nimekungoja wewe."

"Kwa nini hukunitengenezea, mpagazi wee?" mama aling'aka.

"Kwa sababu kugeuza ekseli si kutengeneza. Ile injini ni nzito, radieta haiimudu, inachemka kabla ya kufika sokoni. Ungefika wapi nayo? Na aliyeharibu akae Mtera anakula perege?"

"Basi, na injini yangu ya zamani ikafa," mama alisema kwa huzuni.

"Nani kasema imekufa? Umeikalia."

Mama aliruka kama aliyeumwa na siafu. Fundi aliinua ubao wa benchi la wateja. Chini yake, imefunikwa gunia, imejazwa mafuta ya taa na oili, ilikuwa injini yake ya zamani. Miezi saba mama alikuwa amekuja kulalamika juu ya kifo chake akiwa ameketi juu yake.

Fundi alinipa spana ndefu, akaniambia nizungushe. Ikazunguka, laini, kama mtu anayejigeuza usingizini.

"Gasketi tu," alisema. "Ilipasuka, maji yakaingia, kutu kidogo ikashika. Miaka ya uhaba ungeijua kwa kunusa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alinisogelea. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Mimi nimewahi kumwambia mwanamke mtoto wake amekufa tumboni, na kesho yake akazaliwa analia. Usiku mmoja mzima nilimliza mama wa watu. Kwa hiyo funga hilo gari, mwanangu."

Tulilivuta gari kutoka Miyuji, lakini gasketi yake haikupatikana popote. Maduka yalijaa vipuri, lakini vya magari mengine. Tukanunua bati la shaba, tukalichoma kwenye mkaa mpaka likalainika, na fundi akanifundisha kulikata kwa tindo, tundu baada ya tundu, tukipima juu ya hedi yenyewe. La kwanza nililipasua. La pili pia. La tatu fundi alilielekeza juani, akalitazama, akalipaka grisi. Chuma nilichokikata kwenye chesisi nilikirudisha kwa kuchomelea siku ambazo umeme ulikuja. Ekseli yake, gia boksi yake, vyote tulivichimbua kwenye rundo. Tundu la boneti nililiziba kwa kipande cha debe, na mama akakataa lipakwe rangi. Alitaka lionekane.

Safari hii nililijaribu mwenyewe. Mbele, nyuma, mbele. Mama ntilie alihamisha benchi lake hata hivyo.

Siku ya kuondoka Miyuji, mizigo ya mama ilikwenda na lori la kaka yake. Yeye alipitia gereji na gari lake, mkoba wa kazi mapajani mwangu, kwa sababu aliamuru niende naye mpaka Kongwa. "Likizimika, usukume wewe," alisema.

Tulipofika tukakuta kamba imefungwa kukatisha barabara, kutoka nguzo ya gereji mpaka kwenye mti wa ng'ambo. Fundi alisimama katikati, mikono kiunoni.

"Msafara haupiti," alisema. "Zamani sisi tulilipa kupita kwenu. Leo lipa wewe."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Akatoa chini ya kiti kofia ile ya kiua, imefuliwa, imepigwa pasi, na imejaa karanga mbichi mpaka pomoni.

"Za shamba la Kongwa," alisema. "Usiseme Wagogo hawalipi."

Fundi alimimina karanga kwenye upindo wa kanzu yake, akaivaa kofia, akaiweka sawa kwa vidole viwili. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nenda, mtani," alisema. "Na usirudi nyuma."

Akaishusha kamba. Mama aliweka namba moja, na safari hii, mbele ya watu walewale, gari likaenda mbele. Namba mbili tulipita mwisho wa mtaa. Namba tatu tulikuwa tumetoka mjini, turubai limekunjwa, vumbi jekundu linatufuata. Nilikuwa nimeifungua na kuifunga gia boksi ile kwa mikono yangu, lakini namba nne sikuwahi kuisikia. Gereji haina nafasi ya namba nne.

"Tayari?" mama aliuliza.

Nikasema tayari. Akaiweka, na sauti ya injini ikashuka ikatulia, na niliusikia upepo.