Mabirika Yaliyokataa

Mjukuu wangu, mke mwenzangu huyu, namwita Kipimo, maana hapiti kwenye kitu bila kukipima. Siku moja nilishtuka usingizini ananipima vidole. Nikajua nanunuliwa pete, kichwa kikavimba hadi mlangoni hakipiti. Kumbe anatafuta ukubwa wa mshikio wa birika.

Chuoni anasomea kubuni vyombo, na alikuwa ameniona nikishindwa kumimina chai. Vidole vyangu vimekakamaa kama tangawizi. Mgeni akija alijimiminia mwenyewe, nami nikijifanya namtafuta paka.

Birika lake la kwanza lilimimina kila mahali isipokuwa kikombeni. Nikisema chai iliruka ukuta ikamlowesha jirani mtakataa, basi semeni ilinilowesha mimi. Lilipokataa akalitupa jalalani, amenuna. La pili nalo hivyo hivyo. Akishaingia ndani naliokota. Kitu nilichotengenezewa mimi kitalalaje jalalani nami ningali hai?

Siku ya kuonyesha kazi akaniambia, "Bibi, wewe umimine tu. Hadithi zako ziache nyumbani."

"Nimeziacha, zimelala."

Akasimama mbele ya walimu wawili na birika la mwisho, linang'aa, na picha safi ukutani. Mwalimu mwenye miwani akaligeuzageuza.

"Zuri. Umelifikiaje? Kama huna cha kuonyesha ulikopitia, siwezi kukupitisha."

Kipimo akageukia zile picha safi ukutani. Masomo yake yote yakawa yananing'inia kwenye mshikio ule.

Nikasukuma kikapu kwa mguu. Nilikuwa nimewabebea walimu yale mabirika ya jalalani, waone mtoto alivyohangaika.

"Bibi, takataka hizo," akaninong'oneza.

"Mbona zinafanana na wewe?"

Mwalimu akasema, "Hebu tuone."

Kipimo akalitoa la kwanza, macho chini. "Hapa nilipima mkono wake mtupu. Nikasahau birika likijaa chai linakuwa zito." Akatoa la pili. "Hili alilisifu sana. Bibi yangu ni mwongo, husifu kila nimpacho. Lakini nilimwona kalihamishia mkono wa kushoto, nikajua limemuumiza. Tangu hapo nikaacha kumuuliza, nikawa namtazama."

Kumbe nilikuwa natazamwa kwa upendo namna ile, nami nadhani nimemficha.

"Hayo hayo uyaandike," mwalimu akasema, akiyapanga mabirika kwa mfuatano mezani. "Na haya yakae mbele, si kikapuni. Umepita."

Nikashika lile la mwisho kwa viganja viwili. Chai ikaenda kikombeni moja kwa moja, kama inayoitwa.

Ahsante yake sijui niitie wapi. Jana jirani alikuja, nikammiminia mwenyewe, paka nikamwacha alale. Nikamsimulia jinsi chuo kizima kilivyosimama kunishangilia. Walisimama wawili, na mmoja alikuwa anatafuta sukari.