Sufuria Yangu Peke Yangu

Sikumwamini mama mkwe wangu tangu siku aliposhuka kutoka kijijini na kuingia nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Muhumba. Mume wangu alikuwa ametumwa kazi Shabunda, mimi kila mwezi nilivuja damu kama bomba bovu, na mtoto hakuna. Mama wa mume anakuja wakati kama huo kutafuta nini, kama si kupima nafasi ya mke mwingine?

Alinisindikiza kwa daktari. Daktari akasema kuna uvimbe kwenye kizazi. Kama ni chakula kilichouleta, yeye hakujua, na chakula cha kuuyeyusha hakipo. Angenipasua, lakini kwanza damu irudi: nile maini, nile mayai. Sote wawili tukainamisha macho. Sisi Bashi tulilelewa tukijua kwamba mbuzi, kuku na mayai ni vya wanaume, na mwanamke akivila, kizazi chake kinafunga. Mimi, na shule yangu yote na meza yangu ofisini, nikamjibu kwamba sitakula.

Toka siku hiyo akawa ananipikia sufuria yangu peke yangu. Lenga-lenga, mchicha wa kwetu, na ndani yake kitu cheusi kilichotwangwa, harufu nzito. Yeye alikula maharagwe yake pembeni. Kwetu hata kasiksi, pombe ya ndizi, anayekukaribisha huinywa kwanza ili ujue hana nia mbaya. Huyu hakuonja hata mchuzi kujua kama chumvi imekolea! Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Akienda kuteka maji nilimwaga chakula nyuma ya nyumba. Damu ilizidi kunitoka, nami nikaona hicho kidogo nilichomeza ndicho kinachonimaliza.

Siku moja kizunguzungu kiliniangusha jikoni. Nilipofumbua macho, amechuchumaa mbele yangu na sahani ileile. Hasira zikanipanda.

“Onja kwanza, mama.”

“Hapana. Kula weye.”

“Onja! Kama haiko sumu, onja.”

Akaiweka sahani chini.

“Iko maini ya mbuzi, mutoto wangu. Niliitwanga ili usiijue. Miye sijakulaka mbuzi tangu nizaliwe.”

“Na mimi unanipa ile inafunga kizazi?”

“Munganga alisema unakosa damu. Maiti haizalaka.”

Sikumwamini, na nilimwambia hivyo machoni. Akachota tonge kwa vidole, akafumba macho, akatafuna kwa shida, akameza. Kisha akainuka haraka akatoka nje, nami nikamsikia akitapika. Moyo ukanilipuka: anaitoa sumu yake!

Akarudi anafuta mdomo kwa kitenge. Akanitazama usoni, akajua ninachowaza. Akakaa chini tena, akachota tonge la pili.