Mama Alipoanza Kunishukuru

Mama hajawahi kunisemesha kwa adabu. Tangu nirudi hapa Baraka na diploma yangu, ananiita "Professeur ya mihogo", kwa sababu shamba langu kule Fizi linazaa majani tu. Kwa hiyo asubuhi moja alipopokea uji kwa mikono miwili na kusema, "Asante, Pasteur, Mungu akubariki," nilichelewa kuogopa. Kusema kweli, nilijisikia vizuri kuitwa mchungaji. Jioni akaniuliza mtoto wake Professeur atafika lini.

Daktari alieleza kwamba ini lake limechoka: sumu inayotengenezwa na vijidudu vya tumboni haisafishwi tena, inapanda kichwani. Alituandikia sirapu ya kulegeza tumbo, ili sumu itoke na choo. Dada yangu mkubwa, baada ya kushinda akifua mashuka, aliificha, akamlisha Mama bugali mgumu na ndakala, dagaa wetu wa kukaanga. Tumbo likafunga. Dada akashangilia. Kesho yake tulimwita Mama, hakuamka.

Hospitalini walimrudishia sirapu, akafumbua macho, lakini bado nilikuwa Pasteur. Ndipo daktari akaandika kidonge: antibiotiki inayobaki utumboni kupambana na vijidudu, bila kuingia sana kwenye damu.

"Dawa ya tumbo?" dada alinifokea. "Kichwa ndiyo inapotea, we unaenda kutibu tumbo? Ni ile walikufundisha ku université?"

Nilisomea falsafa.

Baraka dawa hiyo haikuwapo. Ilitoka Bujumbura, ikapita Uvira, ikakwama Mboko, kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara. Niliifuata kwa pikipiki na kwa miguu, nikiomba kwa lugha zote ninazozijua na kutukana kwa zilezile.

Mama alimeza. Tukasubiri. Hata mimi nilianza kuamini maneno ya dada. Kisha asubuhi moja, tukinywa chai, akanigeukia.

"Professeur! Masomo yote ile, na bado unakunywaka chai na makelele sawa ngombe?"

Nililia ndani ya kikombe. Dada alicheka hadi akakaa chini.

Sasa vidonge vimekwisha. Uvira wanasema hawana, Bujumbura wanasema tusubiri. Sirapu peke yake inajitahidi. Kila asubuhi nakaa karibu na kitanda chake na kufyonza chai kwa kelele, nikingoja tusi langu.

Leo nimefyonza hadi jirani akagonga ukuta. Mama amenitazama kwa upole mkubwa, akasogea kunipa nafasi ya kukaa kitandani.

"Karibu, Pasteur," amesema. "Ikala."