Vibuyu Viwili vya Chumvi

Wajerumani walipokuwa vitani na Waingereza, mimi nilikuwa mke kijana huko Bahi, nikichemsha chumvi pamoja na mama mkwe wangu. Mbuga ikikauka tulikwangua udongo wake mweupe, tukauchuja kwa maji, kisha tukayachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki chunguni. Mume wangu hakuwapo. Alichukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi la Wajerumani, kwa hiyo mizigo tuliibeba wenyewe hadi soko la Dodoma.

Tulizoea rupia ya fedha, ile yenye sura ya mfalme wao na kofia yake ya chuma. Ukiigonga kwenye jiwe, inalia. Vita ilipopamba moto rupia hizo zikaadimika, zikaja za karatasi. Boma likatangaza kwamba rupia ni rupia, iwe ya fedha au ya karatasi, na atakayeikataa karatasi atafungwa.

Mimi sikuikataa. Niliipokea, nikaenda nayo kwa mfugaji mmoja wa Chemba aliyekuwa akiuza mbuzi pale sokoni.

"Mbuzi huyu ni rupia tatu za fedha," akaniambia. "Ukiwa na karatasi, lete sita."

Nikaenda kwa mwenye duka la nguo. Naye alitaka karatasi mbili kwa kila rupia moja ya fedha, ila alilisema hilo kwa sauti ya chini huku akitazama mlangoni.

Niliporudi Bahi nikatafuta kibuyu kingine cha kupimia, nusu ya kile tulichokuwa nacho. Soko lililofuata nikaviweka vyote viwili mbele yangu. Aliyeleta fedha nilimpimia kwa kikubwa, aliyeleta karatasi kwa kidogo. Mama mkwe hakupenda.

"Utatuponza, mwanangu," alisema.

"Mama, jasho letu ni moja. Kwa nini tulipwe nusu yake?"

Habari ikamfikia akida, mtu wa boma aliyesimamia soko. Alikuja na askari wawili, akasimama mbele ya chumvi yangu.

"Wewe mama, una bei mbili."

"Bei ni moja, bwana akida. Kibuyu ni rupia."

"Na hivi vibuyu viwili?"

"Na rupia nazo ni mbili."

Watu walicheka, na nadhani kicheko kile kilimuudhi kuliko maneno yangu. Akaniuliza, "Mumeo si analipwa karatasi hizi hizi? Unamdharau mumeo?"

Swali hilo liliniuma, kwa sababu usiku nilikuwa nikijiuliza mwenyewe. Lakini nilimjibu nikimtazama usoni. "Simdharau mume wangu. Wanaomdharau ni wanaomlipa."

Askari wakanishika. Kibuyu kikubwa akida alikivunja kwa kiatu, nami nikapelekwa mahabusu ya boma. Niliogopa, sitasema uongo. Nilisikia watu wakichapwa uani, nikangoja zamu yangu. Hata hivyo kila askari aliponiuliza kama nimejuta, nilimuuliza mshahara wake unanunua nini siku hizi.

Huko nje mama mkwe alifunga mizigo ya chumvi akaihamishia kwa ndugu zake pale mjini. Wanawake wengine wa Bahi nao wakaondoa ya kwao. Soko likakosa chumvi, na kambi ya jeshi ikaanza kula ugali na mboga zisizo na ladha.

Halafu mpishi wa akida akaja kwa mama mkwe, rupia ya fedha mkononi.

"Shikamoo, mama. Bwana anaomba chumvi, ile ya kibuyu kikubwa."

"Marahaba. Mwambie bwana wako kibuyu amekivunja, na mpimaji amemfunga."

Kesho yake niliachiwa. Sikuelezwa neno. Akida alikuwa barazani nilipopita, akageukia ukuta.

Tangazo halikufutwa kamwe. Mimi nilitafuta kibuyu kingine kikubwa, na wanawake wa Bahi wote wakaanza kupima kwa vibuyu viwili. Akida alipita sokoni kama asiyeona.

Mume wangu alirudi kabla vita haijaisha, bega moja limekufa ganzi. Alinikabidhi mshahara wake, karatasi tupu, zilizolainika kwa jasho. Nilimweleza yote, hata kwamba kwangu zingenunua nusu. Nilidhani atakasirika.

"Nilijua tangu siku waliyonipa," alisema. "Ila kule ukikataa unapigwa risasi."

Nikazichukua zote. Soko lililofuata nilimlipa nazo yule mfugaji wa Chemba, karatasi mbili kwa rupia, tukarudi nyumbani na mbuzi jike mwenye mimba. Mume wangu ndiye aliyeshika kamba.