Aliyekataa Kuhama

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa, kupita stoo ya mitungi ya gesi, karibu na tanuri la kuchomea taka. Humo alifanya kazi miaka ishirini na sita mwanamke ambaye wenzake walikuja kumwita Mama Katiba. Hakupewa jina hilo kwa heshima. Alipewa kwa kejeli, likamganda, hata binti yake akawa anaulizwa njiani, "Mama Katiba hajambo?"

Alipoanza kazi, madobi walifua mashuka ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Damu, usaha, dawa kali za kuulia vijidudu, vyote vilipita viganjani mwao. Watatu kati yao walikuwa wamebabuka mpaka kucha zimewatoka. Wakati huo kulikuwa na chama cha siasa kichanga, hakina gari wala ofisi. Vijana wake wakaja wakasimama mlangoni kwa mganga mkuu siku nne, mvua inawanyeshea, mpaka madobi wote wakapewa glavu za mpira na mabuti. Siku ya tano, alipoingiza mikono ndani ya glavu zile, mwanamke huyu alilia. Jioni ileile akachukua kadi ya uanachama. Ndiyo maana miaka mingi baadaye, watu walipomuuliza kwa nini hahami, hakuwa na hotuba ya kuwapa. Aliwaonyesha vidole vyake tu.

Lakini chama nacho hukua, na kikikua huota kitambi. Tawi lao likapata ofisi ya vyumba viwili, viti vya plastiki sitini, na mwenyekiti ambaye alikuwa amekalia cheo hicho miaka kumi na minne bila kupigiwa kura hata moja. Kila uchaguzi ulipofika, mjumbe mmoja alisimama akasema, "Napendekeza mzee wetu aendelee," watu wakapiga makofi, basi. Watu walimwita Hoja Imepita, kwa kuwa alikuwa akisema maneno hayo kabla mikono haijanyooshwa. Hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa maneno. Alikuwa mnene, mcheshi, na alijua majina ya watoto wa kila mtu.

Siku moja mama huyu aliwahi ofisini kupanga viti. Mezani akakuta karatasi zimepigwa chapa vizuri, akazichukua kuzisoma. Zilikuwa muhtasari wa mkutano. Mkutano wenyewe ulikuwa uleule wa siku ile, ambao haujaanza. Wajumbe walikuwa wameshajadili, wameshakubaliana, wameshafunga kwa sala. Na katika ukurasa wa pili akajikuta mwenyewe: ametoa shukrani za dhati kwa uongozi bora wa mwenyekiti.

Mkutano ulipoanza akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hapa imeandikwa nimeshukuru. Nimeshukuru saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, tumbo likamtikisika.

"Mama, hiyo ni rasimu tu. Tunarahisisha kazi."

"Basi rahisisheni na kuhudhuria. Sisi tubaki nyumbani, mtatuletea habari ya tuliyoyasema."

Safari hii watu walicheka kidogo tu, wakaacha, maana mwenyekiti hakucheka.

Kuanzia siku hiyo alichukua kijitabu cha katiba ya chama kutoka kabatini, kimekunjamana na kujaa vumbi, akawa anakisoma saa ya mapumziko, amekaa juu ya gunia la mashuka, mvuke umemzunguka. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama mtoto. Katiba ilisema mwenyekiti wa tawi atachaguliwa kwa kura ya siri kila baada ya miaka mitano. Ilisema pia kwamba uongozi ukikaidi, theluthi moja ya wanachama wanaweza kudai uchaguzi kwa maandishi. Tawi lilikuwa na wanachama sabini na wawili. Alihitaji sahihi ishirini na nne.

Mwaka huohuo mdogo wake, dereva wa lori, alihama. Yeye na wenzake walikuwa wamechoka, wakaanzisha chama kingine. Akaja kwa dada yake na kadi mpya mfukoni, nyingine mkononi.

"Dada, twende. Nyumba imeshaliwa na mchwa, wewe unapaka rangi ya nini?"

"Nguzo ikiliwa na mchwa, si unang'oa hiyo moja unaweka nyingine?"

"Na ikikuangukia kabla hujaing'oa?"

"Itanikuta ndani."

Yule dereva akatikisa kichwa. "Wewe ulizaliwa na ukaidi. Mama alisema hata kuzaliwa ulikuja miguu kwanza."

"Ndiyo nikatoka nimesimama," akamjibu, wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kucheka pamoja juu ya jambo hilo.

Kukusanya sahihi kulimchukua miezi kumi na minne. Alipita nyumba kwa nyumba baada ya kazi, viatu mkononi pakiwa na tope. Watu walimkaribisha, wakamsikiliza, wakasema maneno matamu. Kalamu ikitolewa, mmoja hana miwani, mwingine lazima amwulize mumewe, mwingine anasema, "Unajua mimi niko na wewe moyoni, mama. Moyoni kabisa." Aliporudi nyumbani alimwambia binti yake kwamba moyoni tayari ana wanachama sabini, shida ni kwenye karatasi.

Habari zikamfikia Hoja Imepita. Hakugomba. Wiki mbili baadaye mama huyu alihamishwa kutoka kwenye mashine akapelekwa kuchambua mashuka machafu, katika chumba kisicho na dirisha, kazi waliyokuwa wakipewa wafanyakazi wapya. Hakuna aliyemwambia kwa nini, ila mkuu wa utumishi wa hospitali alikuwa mjumbe wa kamati ya tawi. Harufu ilimwingia kifuani, akaanza kikohozi ambacho hakikuondoka tena. Kisha kamati ya nidhamu ikamsimamisha uanachama miezi sita kwa kosa la kuvuruga umoja. Kwa miezi hiyo sita, kila mkutano ulipofanyika, alikuja akakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, akisikiliza. Katiba haikumkataza kukaa kwenye benchi.

Binti yake alikuwa anamaliza mafunzo ya uuguzi na alitegemea kuajiriwa katika hospitali ileile. Wenzake wote watano walichukuliwa. Jina lake halikuwemo. Siku ya kufungasha aliongea bila kumtazama mama yake, akikunja nguo.

"Mama, wewe unajenga chama. Mimi ananijenga nani?"

Mama alimsaidia kukunja nguo, maana kukunja alikujua kuliko kusema. Binti akaenda kufanya kazi mbali, safari ya siku mbili. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, baadaye mara moja kwa mwezi.

Sahihi zilipofika ishirini na tano alizipeleka mwenyewe makao ya wilaya. Mara ya kwanza aliambiwa mhusika yuko kikaoni. Mara ya pili yuko safarini, mara ya tatu amehamishwa. Alirudi mara saba. Mara ya saba akakutana na ofisa mmoja mgeni, mwanamke mwenye haraka, ambaye alisoma karatasi zote amesimama, akauliza, "Hawa wote ni wanachama hai?" akagonga muhuri. Ikawa imekwisha hivyo, kwa dakika nne, jambo lililomla miaka miwili. Barua ikaja: tawi lifanye uchaguzi, kwa kura ya siri, mbele ya msimamizi wa wilaya.

Watu wakamwambia, "Wewe ndiye uliyetaka kura, gombea." Akagombea.

Siku ya uchaguzi walikuja wanachama hamsini na wanane, na viti vilitosha kwa shida. Msimamizi alileta sanduku, akaligeuza juu chini kila mtu aone kuwa ni tupu. Pembeni waliweka pazia la shuka la kijani. Mtu aliingia peke yake, akaandika, akakunja, akatumbukiza. Hakuna aliyemchungulia mwenzake. Hakuna karatasi iliyozidi wala kupungua. Mama Katiba alisimama kando ya meza wakati wa kuhesabu, akiona kila karatasi inavyofunguliwa, na moyoni alijua kwamba huu ndio uchaguzi alioutaka, haukosi hata nukta.

Hoja Imepita alipata kura arobaini na moja. Yeye alipata kumi na saba.

Watu waliotia sahihi walikuwa ishirini na tano. Hakuhitaji kusoma sana kujua hesabu hiyo. Hata miongoni mwa waliodai uchaguzi, si chini ya nane hawakumchagua. Alinyanyuka akampa mwenyekiti mkono. Mwenyekiti aliushika kwa mikono yake yote miwili, akasema kwa sauti, "Demokrasia, mama! Umetufundisha." Na kibaya zaidi, alionekana anamaanisha.

Kesho yake kazini alimkuta mwenzake wa miaka mingi, mkunjaji wa mashuka, aliyekuwa wa tatu kutia sahihi. Walikuwa wamekula chakula cha mchana pamoja tangu enzi za kufua bila glavu. Mkunjaji alikunja shuka tatu nzima kabla ya kusema.

"Usiniulize, shoga."

"Sikuulizi."

"Basi nitakwambia. Nilitaka haki ya kuchagua. Sikusema nitakuchagua wewe." Akaweka shuka chini. "Mama yangu alipofariki, mwenyekiti alileta gari, akakaa na sisi siku zote tatu, akabeba mwili begani na tumbo lake lile. Wewe ulikuwa wapi?"

Alikuwa wilayani. Ilikuwa ile mara ya tano, au ya sita. Alikuwa ametuma rambirambi kupitia kwa mtu, akasema atakwenda baadaye, na baadaye ikawa haikufika. Alisimama pale, glavu mkononi, akiona jinsi ambavyo kwa miaka miwili aliingia katika nyumba za watu na karatasi, akatoka na karatasi, wala hakuuliza nani anaumwa.

"Nisamehe," akasema.

"Nilishakusamehe. Lakini kusamehe si kura."

Mdogo wake alikuja Jumamosi, akaegesha lori nje. Alikuwa amesikia. Alikunywa chai, akakaribishwa nyingine.

"Sasa utahama?"

"Kwenda wapi?"

Dereva alitazama ndani ya kikombe. Chama chake kilikuwa kimegawanyika mara mbili, na waanzilishi walikuwa wanashtakiana kuhusu nani mwenye haki ya bendera. Yeye mwenyewe hakuwa amehudhuria mkutano mwaka mzima. "Hata mimi sijui, dada," akasema. "Siku hizi chama changu ni lori."

"Waliniacha kwa haki," dada yake akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Wangeiba ningejua la kufanya."

Hakuhama. Alibaki mwanachama wa kawaida, kiti cha safu ya tatu, akikohoa. Muhtasari ukawa unaandikwa baada ya mkutano, si kabla. Hilo lilibaki, na wapya walidhani lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Alianza kwenda misibani na wodini kuona wagonjwa, ingawa watu walisema anatafuta kura. Uchaguzi uliofuata, miaka mitano baadaye, hakugombea tena. Hoja Imepita akashinda, kisha akafariki akiwa madarakani, akazikwa na umati ambao mji haukuwahi kuuona. Mama Katiba naye alikwenda, akalia kweli.

Kwenye uchaguzi wa kuziba nafasi alijitokeza mpwa wa marehemu, kijana mwenye simu mbili, ambaye hakujua jina la mtoto wa mtu yeyote. Pazia likawekwa, sanduku likageuzwa juu chini. Mpwa akapata kura hamsini na tatu. Msimamizi alimwomba Mama Katiba, kama mwanachama mkongwe, atie sahihi kwenye fomu kuthibitisha kuwa uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Alivaa miwani, akaisoma fomu yote, kidole chini ya mstari. Ulikuwa huru. Ulikuwa wa haki. Akatia sahihi, akachukua mkoba wake, akatembea nyumbani kabla mvua haijaanza.